Fedha ya Dagaa Hulala Wapi?

Mtu arudipo nyumbani jioni kutoka kazini, mwili umechoka na mfuko ni mwepesi, hatamani pilau wala nyama ya kuchoma. Hutamani ugali wa moto na bakuli la dagaa wa Kigoma, waliokaangwa kwa kitunguu na nyanya. Au, ikiwa amezaliwa karibu na Ziwa Tanganyika, waliopikwa kwa mawese hata mchuzi ukawa mwekundu. Hicho ndicho chakula kiutulizacho moyo wa mfanyakazi. Aliye mbali na kwao hukila akamkumbuka mama yake. Mwenye kufikiwa na wageni wa ghafla huokolewa nacho asiaibike. Sisi tuliosoma bweni katika shule za misheni twakumbuka vema kwamba maharage yalikuwa ya shule, lakini dagaa, waliofichwa sandukuni chini ya nguo, walikuwa wa nyumbani.

Chakula kipendwacho hivi hakikosi kuzaa fedha. Kila fungu liuzwalo Kariakoo, Buguruni, Tabora au Dodoma hutia shilingi mkononi mwa mtu, na shilingi hiyo husafiri. Leo twapenda kuuliza swali moja tu, nalo si la wataalamu wa uchumi peke yao: fedha ya dagaa hulala wapi? Tukitaka kulijibu swali hili kwa unyofu, hatuna budi kwenda Kibirizi.

Kibirizi ni mwalo ulio kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, ndani ya Manispaa ya Kigoma/Ujiji. Hapo ndipo watu wapandapo maboti kwenda Gombe, Mwamgongo na Kagunga, mpakani mwa Burundi. Na hapo ndipo dagaa wengi wa ziwa hili washushwapo, waanikwapo na kufungwa magunia. Mgeni afikaye asubuhi, jua likiwa limepanda, huona ufuo wote unang'aa kana kwamba mtu amemwaga sarafu mpya mchangani. Hao ni dagaa. Akisogea karibu ataona pia migongo iliyoinama juu ya fedha hiyo, na karibu yote ni migongo ya wanawake.

Kazi yenyewe huanza jua linapokuchwa. Mitumbwi hutoka wakati wa giza, kwa sababu mbalamwezi ing'aapo dagaa hawaifuati taa, na kwa siku kadhaa za kila mwezi mpevu ziwa hupumzika. Zamani wavuvi walichoma kuni juu ya mtumbwi na kuwachota dagaa kwa lusenga, wavu wa mkono wenye mpini mrefu. Baadaye zikaja karabai za mafuta ya taa. Leo taa za betri na za nguvu ya jua zinazidi kushika mahali pake. Dagaa huinuka kutoka vilindini kuufuata mwanga, na mabaharia huuinua wavu ulioshushwa chini yao. Si kazi ya mzaha. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 mahali pake pa chini kabisa, na upepo wa kusini uvumapo katika miezi ya kiangazi hauulizi nani ana watoto wa kulea. Kwa hiyo lolote tutakalolisema hapa chini, mtu asidhani kwamba twamwonea wivu mvuvi kwa senti zake.

Kukipambazuka mitumbwi hurudi, na biashara hufanyika upesi maana dagaa wabichi hawangoji. Hapo ndipo waingiapo kina mama. Hununua kwa beseni, kwa karai au kwa ndoo, kwa mabishano na kwa kukadiria kwa macho. Mvuvi hupokea fedha, hutoa gharama za taa na mafuta na sehemu ya mwenye chombo, kisha huenda kulala. Tangu saa hiyo mvuvi hana deni na jua. Mwenye deni na jua ni mama aliyenunua.

Tulitazame jambo hili kwa makini, maana ndilo shina la maneno yetu. Dagaa wabichi, kwa sehemu kubwa, ni maji. Kilo tatu hata nne za wabichi hutoa kilo moja tu ya wakavu. Ina maana kwamba mama huyu amenunua maji kwa bei ya samaki, na yampasa ayaondoe maji hayo kabla samaki hawajaharibika. Huwasambaza mchangani wasilaliane, huwageuza, huwafukuzia kunguru na kuku, na kila mara huyainua macho yake kuitazama milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa asije akafumaniwa na wingu. Wingu likitokea huwazoa mbio wakiwa nusu wabichi. Mvua ikimzidi, dagaa hugeuka rangi na kunuka, na waliokuwa chakula cha binadamu huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Mvua za Kigoma huanza mwezi wa Oktoba au Novemba, zikaendelea hata Aprili au Mei. Basi ni zaidi ya nusu ya mwaka mama huyu anacheza bahati nasibu na mbingu.

Na wakikauka salama? Hapo huja mnunuzi wa magunia. Naye hununua kilicho tayari: kikavu, chepesi, kisichooza, kinachoweza kungoja ghalani hata bei ipande. Mvuvi amelipwa kabla ya hatari ya kuoza. Mchuuzi amenunua baada ya hatari hiyo kupita. Hatari yote ya katikati imelala juu ya mtu mmoja, naye ndiye aliye na mtaji mdogo kuliko wote. Methali yasema mchumia juani hulia kivulini. Kibirizi achumaye juani ni mmoja, na alaye kivulini ni mwingine.

Hatumwiti mchuuzi mwizi. Yeye hulipa nauli ya gari na ushuru wa njiani, magunia yake hulowa na dagaa wake huvunjika vichwa, na wadeni wake mjini hujificha wamwonapo. Bila yeye mfanyakazi wa Dar es Salaam asingekuwa na cha kuungia ugali wake. Tusemalo sisi ni kwamba biashara ikiwa na watu watatu, na wawili kati yao wakawa na njia ya kujikinga na hasara, si ajabu fedha ikawakimbilia wale wawili.

Wala biashara hii si ya jana. Ujiji ilikuwa soko la ziwa zima kabla ya reli kufikiriwa. Burton na Speke walipofika mwezi wa Februari 1858 walikuta samaki wakiuzwa pamoja na chumvi, mawese na pembe za ndovu. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, dagaa walipata miguu ya chuma ya kuwafikisha Dar es Salaam, mwendo upitao kilometa 1,200. Meli Liemba, iliyoanza safari kwa jina hilo mwaka 1927, ikawa inakusanya magunia kutoka vijiji visivyo na barabara. Jane Goodall alipokwenda Gombe mwezi wa Julai 1960 kuwachunguza sokwe, alikuta wavuvi wakianika dagaa ufukweni. Dunia imesoma sana habari za sokwe wale, na habari za wale waanikaji hazijasomwa na mtu. Leo yapo malori na mabasi. Njia zimebadilika mara kadhaa, lakini mchanga wa kuanikia ni ule ule.

Tusisahau kwamba dagaa hawamlishi mvuvi na mwanikaji peke yao. Fundi wa mitumbwi, mshona nyavu, mwenye duka la betri, kijana achajishaye taa, mpakiaji wa magunia, mama lishe auzaye chai na maandazi kabla ya alfajiri, dereva, na halmashauri yenyewe ikusanyayo ushuru, wote hula katika bakuli moja. Siku dagaa wanapokosekana Kibirizi, hata mwenye kibanda cha sabuni hujua. Nasi twaamini kwamba shilingi imfikiayo mama mwanikaji huzunguka mji huu huu: hulipa ada, hununua sare, huezeka nyumba Mwanga au Gungu. Shilingi imwendeayo mtu wa mbali haina sababu ya kurudi Kigoma ila kununua dagaa wengine.

Kwa sababu hiyo twaanza na kipimo. Beseni halina kilo. Beseni la leo laweza kuwa na shimo la ndani kuliko la jana, laweza kujazwa kichuguu au kusawazishwa, laweza kuwa na maji chini na samaki juu. Mnunuzi mwenye nguvu hupata kichuguu, na mjane mwenye noti moja hupata lililosawazishwa. Kwa miaka mingi Serikali imepiga vita lumbesa, yule gunia aliyevaa kofia, ili mkulima wa viazi na vitunguu asinyonywe. Na hapana shaka beseni ni ndugu yake lumbesa, baba mmoja mama mmoja. Tena jambo hili huanzia ufukweni likaendelea hata sokoni: dagaa wakavu nao huuzwa kwa debe, kwa kisado, kwa kopo na kwa fungu, na kopo la mjini, wasomaji wetu ni mashahidi, siku hizi lina kitako kilichopanda juu.

Wako wasemao dagaa wabichi hawawezi kupimwa kwa mizani kwa sababu wanachuruzika maji na kwa sababu wakati hautoshi. Twawajibu kwamba sangara wa Ziwa Viktoria huuzwa kwa kilo tangu ufukweni, wala viwanda vya Mwanza havijafa kwa kungoja mizani. Tofauti ni kwamba sangara ananunuliwa na kiwanda, nacho kiwanda hakikubali kupunjwa. Dagaa ananunuliwa na mama. Ikiwa maji yachuruzika, na wachuje kwanza katika kreti zenye matundu, ndipo wapime. Kazi hiyo haizidi dakika chache, na ugomvi wa kila alfajiri utapungua.

Jambo la pili ni mchanga. Dagaa walioanikwa chini huokota mchanga, na mama wa mjini awaoshapo mara tatu asiumalize mchanga huo, hukasirika na kupunguza bei; hasira yake humrudia mwanikaji bila yeye kujua. Dawa yake haijajificha. Vichanja vya miti na nyavu, vilivyoinuliwa yapata mita moja kutoka chini, huruhusu upepo kupita chini na juu, na turubai likitandazwa juu yake mvua haina la kufanya. Ng'ambo ya mpaka, huko Burundi, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilianza mradi wa vichanja mwaka 2004 katika mialo ya ziwa hili hili, na dagaa walioanikwa juu walipata bei iliyo zaidi ya maradufu ya wale wa mchangani. Kibirizi yenyewe inayo kampasi ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi. Elimu na mchanga ni majirani. Kinachokosekana kati yao ni mbao, nyavu, turubai, na kipande cha ardhi ambacho mama hatafukuzwa kesho.

Ardhi hiyo twaitaja kwa makusudi. Maji ya ziwa yalipopanda katika miaka ya 2020 na 2021, na tena mwaka 2024, fuo nyingi za kuanikia zilimezwa. Ufuo ukipungua, hupangishwa. Ukipangishwa, mwenye fedha hupata mahali pakavu na mnyonge hubanwa penye tope. Ikiwa uko uwanja wa umma pale mwaloni, basi uwe wa umma kwa waanikaji pia, si kwa maboti na magari peke yake.

Sasa tuingie katika jambo lililo gumu zaidi. Tarehe 15 Mei 2024 Serikali ilifunga shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika upande wetu kwa muda wa miezi mitatu, hata tarehe 15 Agosti, kwa kufuata mapatano ya nchi nne zenye ziwa, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Sababu ilikuwa ya haki. Wavuvi wenyewe walikuwa wakilalamika kwamba wavu unainuka mwepesi. Tena hasara haitoki kwa nyavu peke yake: mwaka 2003 wataalamu walitangaza kwamba maji ya juu ya ziwa yanazidi kuwa ya moto, hivyo hayachanganyiki vema na maji ya chini yenye rutuba, na chakula cha samaki kinapungua. Dagaa ni samaki wa maisha mafupi. Akipewa nafasi ya kuzaa huongezeka upesi, na migebuka wamlao nao hunenepa. Mtu apingaye kulipumzisha ziwa anapigania kula mbegu.

Lakini hatuwezi kunyamaza juu ya namna kufunga huko kulivyoelemea nyumba zisizo sawa. Mwenye chombo alikitia nanga akatengeneza mbao zake. Mchuuzi mwenye ghala aliuza akiba yake kwa bei iliyopanda. Mwanikaji hana ghala. Mtaji wake ni beseni la leo lizaalo beseni la kesho, na mnyororo huo ukikatwa kwa miezi mitatu, haurudi kwa neno la tangazo siku ziwa lifunguliwapo. Amekwisha kuula. Ada ya shule haikufungwa, na kodi ya chumba haikufungwa. Wala mkopeshaji hakufunga daftari lake.

Mkopeshaji huyo watu wamempa jina ambalo sisi tusingethubutu kulibuni: mikopo yake huitwa kausha damu. Mama hukopa asubuhi kununua beseni, naye hudaiwa marejesho kila siku au kila juma. Marejesho ya kila juma hayajui mwezi mpevu. Hayajui kwamba kuna siku katika kila mwezi ambazo hapana dagaa, wala hayajui mvua. Basi mama huuza dagaa kabla hawajakauka vema, kwa bei yoyote, kwa sababu daftari linangoja mlangoni. Hapo ndipo mnunuzi wa magunia apatapo bei aitakayo bila hata kuinua sauti.

Nchi yetu imekwisha kuweka njia iliyo bora kuliko hiyo. Halmashauri zatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Twaiunga mkono kwa moyo wote. Twaomba tu kwamba kwa waanikaji wa Kibirizi ifuate kalenda ya ziwa, si kalenda ya ofisi: marejesho yakusanywe wakati wa giza, wavu unapoinuka, na yasimame ziwa linapofungwa. Karani akiona vigumu kuandika hivyo katika kitabu chake, na aende akalale Kibirizi juma moja la mbalamwezi.

Kuna neno moja dogo tungependa kulisema kabla ya kuweka kalamu chini, juu ya jina. Wanunuzi wa mjini husikia mwito wa "dagaa wa Kigoma" katika kila kona, na wakifika nyumbani hukuta gunia moja lina makabila matatu. Dagaa wa Ziwa Viktoria ni chakula chema, nao wana watu wao. Lakini wakichanganywa na wa Kigoma ili kuuzwa kwa bei ya Kigoma, anayeibiwa si mnunuzi peke yake. Jina hilo limejengwa kwa miaka mingi na migongo ile tuliyoitaja hapo mwanzo, na hawajapata kulipwa hata ndururu kwa ajili yake. Waanikaji wakiwa na chama chao cha ushirika, wakapanga dagaa wao kwa ubora, wakawafunga katika mifuko yenye uzito ulioandikwa na jina la mwalo, mfanyakazi wa Dar es Salaam atajua alicholipia, na sehemu ya fedha yake italala Kibirizi.

Ushirika huo hautaanguka kutoka mbinguni, na twajua makovu ambayo nchi yetu imepata kwa vyama vilivyoliwa na viongozi wake. Kwa hiyo hatuwashauri mama zetu waanze na jengo, wala na gari, wala na mwenyekiti mwenye kiti cha kuzunguka. Waanze na mizani moja ya pamoja, daftari moja lisomwalo hadharani, na mweka hazina ambaye yeye mwenyewe huanika.

Kwa upande wa Manispaa ya Kigoma/Ujiji, tumeandika haya kwa heshima na bila kuficha neno. Ushuru wa dagaa unakusanywa kila siku ya Mungu. Sehemu ya ushuru huo na irudi mwaloni ikiwa mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, ikiwa vichanja na maturubai, na ikiwa hati ya uwanja wa kuanikia ambao hautapewa mtu mwingine. Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi na upeleke wanafunzi wake ufukweni wakasimamishe vichanja vya kwanza pamoja na kina mama. Nayo kazi hiyo ikamilike kabla mvua za Oktoba hazijaanza.